Ushahidi wa Panya Sita

Mtu aliyekutana na Aksel Rybjerg kwa mara ya kwanza hakuuona uso wake. Aliuona mfuko wake wa kulia. Ulikuwa umevimba na kulegea, na kila alipoingiza mkono kutafuta ufunguo, chembe za mkate mweusi zilidondoka sakafuni, kana kwamba mzee huyu ameajiriwa kulisha njiwa. Hakuajiriwa kulisha njiwa. Aliajiriwa kulisha panya, tena panya walevi, katika chumba cha chini cha maabara moja mjini Copenhagen. Kwa kazi hiyo alipewa koti jeupe, kiti kimoja cha mbao, na onyo la kutogusa kitu asichoambiwa akiguse.

Panya wenyewe walikuwa watu wakubwa. Umbo lao lilikuwa dogo, rangi yao nyeusi tititi, na walikuwa wametoka Amerika kwa ndege. Hati zao za safari zilikuwa nyingi kuliko za Aksel, ambaye katika miaka yake hamsini na miwili hakuwahi kupanda chombo chochote kinachoruka. Sifa iliyowastahilisha heshima hiyo ilikuwa moja tu: walipenda pombe. Panya wa kawaida ukimwekea chupa mbili, moja ya maji matupu na moja ya maji yenye kileo, huinusa ya pili akakunja pua kama mchungaji. Hawa waliiendea hiyo ya pili moja kwa moja, wakanywa, wakalala, wakaamka, wakanywa tena. Aksel alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa miaka kumi na minane na hakuna aliyemletea ndege.

Mwenye panya alikuwa Daktari Kragelund, kijana wa miaka thelathini na mmoja aliyevaa tai ya kipepeo na kutembea kwa haraka hata alipokuwa hana pa kwenda. Kazi yake ilikuwa kuijaribu dawa ya kumtisha mlevi. Dawa hiyo ilichanganywa katika unga wa chakula cha panya, kisha kila asubuhi Aksel alipima kilichopungua katika kila chupa na kuandika. Kila siku alibadilisha pia nafasi za chupa, ya kulia ikaenda kushoto, ili panya asije akanywa kwa mazoea ya upande. Wageni walipokuja, Daktari aliwasimamisha mbele ya vizimba na kuwaeleza.

"Tazameni. Pombe ikiingia mwilini, ini huigeuza mara mbili. Mara ya kwanza inakuwa sumu. Mara ya pili ile sumu inakuwa kitu kama siki, haina neno tena. Dawa yetu inaufunga mlango wa pili. Sumu inakwama ukumbini, haina pa kutokea. Mnyama anajisikia vibaya, anaiogopa chupa."

"Anajisikiaje hasa?" mgeni mmoja aliuliza.

"Hilo," akasema Daktari kwa unyenyekevu mkubwa, "kwa bahati mbaya hatuwezi kumuuliza."

Aksel alikuwa akifagia hatua mbili kutoka hapo, naye angeweza kuulizwa. Yeye mwenyewe alikuwa akiitumia dawa hiyo hiyo tangu mwaka uliopita. Zahanati iliyompa vidonge ndiyo iliyomtafutia na kazi. Angewaeleza wageni jinsi, katika siku ya kuzaliwa ya shemeji yake, alivyojaribu glasi moja tu, ndogo kama kikombe cha kuoshea macho, ili aone kama madaktari wanasema kweli. Madaktari walikuwa wanasema kweli. Baada ya robo saa uso wake ulikuwa mwekundu kama kaa aliyechemshwa, kichwa kikipiga ngoma, moyo ukikimbia kama farasi aliyeumwa na nyuki, na kofia mpya ya shemeji, iliyokuwa karibu kuliko choo, haikuvaliwa tena. Lakini sayansi haiulizi watu wanaoshika ufagio.

Kila asubuhi saa kumi na mbili mkewe, Ellinor, alikiyeyusha kidonge katika glasi ya maji, akaiweka mezani, akasimama mikono kiunoni. Tangu binti yao azaliwe, wao waliitana Mama na Baba, na hata sasa binti akiwa ameolewa mbali hawakuona sababu ya kuanza kuitana majina.

"Meza, Baba."

"Nimemeza, Mama."

"Fungua mdomo."

"Mimi si mtoto."

"Mtoto ningemwamini. Fungua."

Alifungua. Ellinor alichungulia kama mtu anayekagua chimni, kisha akamtia mfukoni kifurushi cha chakula cha mchana: vipande vinne vya mkate mweusi vilivyopakwa maini ya nguruwe aliyoyasaga na kuyaoka mwenyewe. Maini hayo yalijulikana mtaa mzima kule Amager. Mapishi yake hakumpa mtu, hata dada yake.

Tarehe nane Mei 1962 ndoa yao ingetimiza miaka ishirini na mitano, na mtaani kwao jambo hilo halikuwa la siri wala la hiari. Jioni ya kuamkia siku yenyewe majirani husimamisha lango la majani mabichi mlangoni pa wanandoa, na juu yake namba ishirini na tano. Wanandoa, waliomo ndani na wanaosikia kila pigo la nyundo, hujifanya hawajui lolote. Alfajiri majirani hurudi na matarumbeta na kuimba mpaka mume na mke watoke pamoja wasimame chini ya lango, wakishangaa kwa ustadi walioufanyia mazoezi wiki nzima. Kisha wote huingia kunywa kahawa, na glasi ndogo ya kitu kikali chenye uchungu, kwa sababu furaha isiyochoma koo haihesabiwi.

Ellinor alikuwa amesema neno lake tangu Januari, na alikuwa amelisema mara moja tu.

"Nitasimama chini ya lango na mume asiyekunywa. Ukinywa, Baba, hata tone, naenda kwa dada yangu Agda kule Roskilde na sirudi. Majirani watakuimbia peke yako, nawe utashangaa peke yako."

Shida ilikuwa pua ya Ellinor. Mtu anayejaza chupa ishirini na nne za kileo kila siku hurudi nyumbani akinuka kama baa, hata kama hajalamba hata kizibo.

"Unanuka, Baba."

"Ni panya, Mama."

"Kila mlevi wa mji huu ana kisingizio. Wengine wana bosi mbaya, wengine wana vita. Mimi wangu ana panya."

Mwezi Machi matokeo yalianza kupendeza. Panya waliokula dawa waliiacha chupa ya kileo mmoja baada ya mwingine wakahamia kwenye maji, wakiwa na nyuso za waumini wapya. Wote, isipokuwa sita. Panya wa vizimba vya kumi na tisa hadi ishirini na nne, mstari wa chini karibu na kiti cha Aksel, waliendelea kunywa kama vile wanalipwa kwa kila tone. Daktari Kragelund alihesabu mara tatu, akakaa chini, akasimama, akakaa tena.

"Rybjerg! Unajua hii ni nini?"

"Panya, Bwana Daktari."

"Hii ni aina mpya ya ini! Ini lenye mlango wa tatu! Dawa inaufunga wa pili, wao wanapitia wa tatu!"

Wenzake walimpongeza, na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: kabla ya Pasaka alikuwa ameandika kurasa kumi na nne kuhusu mlango ambao hakuna aliyeuona. Panya wa kizimba cha ishirini na nne, mnywaji mkuu, alitangazwa kuwa nyota. Amri ikatolewa kwamba asisumbuliwe kwa lolote, hata kubadilishiwa maranda ya kulalia.

Kisha akashuka Profesa. Profesa alikuwa akishuka mara moja kila majira, kama vile baridi. Aliusoma ukurasa wa kwanza, akaitazama safu ya vizimba, akakitazama kiti cha mbao.

"Nani anakaa hapa?"

"Mtunzaji wetu, Rybjerg. Anapokula mchana."

"Yule aliyeletwa na zahanati?" Profesa alikunjua miwani, akaikunja. "Daktari, una njia mbili za kueleza jinsi kileo kinavyopungua katika chupa zilizo karibu na kiti cha mlevi. Moja inahitaji ini jipya. Ya pili inahitaji mrija tu."

Hakuna mtu katika jengo lile lililojaa wasomi aliyesimama kukokotoa ni siku ngapi mtu mzima angehitaji kunyonya chupa za panya ili apate hata kizunguzungu. Wala hakuna aliyekumbuka kwamba mtu mwenye dawa hiyo mwilini angekuwa mwekundu kama bendera kabla ya kufika kizimba cha ishirini. Walikuwa wameandika vitabu kuhusu jambo hilo. Huwezi kutaka wavikumbuke pia.

"Mimi?" Aksel aliuliza alipoitwa. "Nimwibie panya?"

"Hakuna anayekushutumu," akasema Daktari, akiangalia dirisha. "Ila mchovya asali, unajua... Labda hukimezi kile kidonge. Labda unakiweka chini ya ulimi."

"Muulize mke wangu!"

Ilikuwa kauli ya mtu asiye na hatia, ndiyo maana ilikuwa ya kijinga. Daktari, mtu mwema, alimuuliza. Alikwenda Amager mwenyewe, akanywa kahawa, akamweleza Ellinor kwa upole wote wa elimu ya juu kwamba maabara ina wasiwasi kidogo kuhusu chupa sita. Aksel aliporudi alikuta sanduku limesimama mlangoni, na Ellinor amevaa kofia.

"Mama, unaniona nikimeza kila siku!"

"Naliona koo lako. Tumbo lako silioni."

"Sijanywa. Naapa."

"Uliapa mwaka arobaini na nne. Uliapa hamsini na moja, mbele ya kasisi. Nina viapo vyako vya kujaza kabati, Baba. Sina pa kukiweka hiki." Alishika sanduku. "Kama kuna kitu kinachoweza kukushuhudia na si mdomo wako, kilete. Mpaka tarehe nane."

Maabara haikumfukuza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kufagia kinyesi cha panya. Kesho yake, ishirini na tano Aprili, alikaa kwenye kiti chake saa sita mchana, akaingiza mkono mfukoni, akakuta mfuko mtupu. Hakuna aliyemtengenezea chakula. Akainua macho. Panya sita wa mstari wa chini walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, pua kwenye waya, vidole vidogo vimetokeza nje kama abiria waliochelewa kwenye dirisha la tiketi.

"Leo hakuna," akawaambia. "Mama ameondoka."

Hawakuondoka. Hapo ndipo Aksel, aliyekuwa amepima chupa kwa miezi minane bila kukosea, alipochungulia kitu ambacho hakikuwa chupa. Bakuli za unga wa dawa za vizimba sita zilikuwa karibu zimejaa. Kila asubuhi alikuwa akizikuta hivyo, akamwaga, akaandika "umemwagika", kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya unga uliomwagika na haikuwa na nafasi ya unga uliodharauliwa. Kwa nini panya ale unga mchungu? Kila mchana alikuwa akipewa kupitia waya pembe za mkate mweusi wenye maini, yaliyosagwa na mwanamke bora kuliko wote wa Amager. Panya wengine walimeza dawa na kuogopa pombe. Hawa sita hawakuwa na mlango wa tatu wala nini. Walikuwa na Ellinor.

Alipanda ngazi mbili mbili.

"Bwana Daktari, ni mkate."

"Mkate gani?"

"Wangu. Nawagawia. Wanashiba, hawali dawa. Ndiyo maana wanakunywa."

Daktari Kragelund aliweka kalamu chini. Mbele yake, juu ya meza, zilikuwa kurasa kumi na nne, sasa kumi na saba.

"Unawagawia," alirudia. "Panya wa majaribio. Kwa nini, Rybjerg?"

Aksel alifikiri. "Ni vibaya kula peke yako mbele ya wenye njaa."

Sheria za maabara zilikuwa na vipengele hamsini, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimelifikiria hilo. Daktari alifunga macho. Ni lazima asifiwe hapa, maana wengi wangezichapisha tu zile kurasa na kumwita mtunzaji mwongo: alizitia kwenye droo, akachukua kalamu.

"Siku kumi na mbili bila mkate. Kila mmoja akiiacha chupa, basi hukunywa wewe, na mimi sina ini jipya. Mmoja tu akiendelea..." Hakumaliza, lakini sauti yake ilikuwa na tumaini lisilo la heshima.

Kwa siku hizo kumi na mbili Aksel alimeza kidonge chake kila asubuhi kwenye ua wa nyuma, mbele ya jirani yake Oluf, mpiga tarumbeta wa bendi ya wafanyakazi wa tramu, yale magari ya reli ya mjini.

"Shuhudia, Oluf."

"Nimeona. Umemeza. Amina." Oluf alikuwa amesikia kisa chote na alikuwa akikifurahia kuliko ilivyofaa. "Ila nikuambie kitu, ndugu yangu. Afadhali ungekunywa. Pombe mkeo angekusamehe. Lakini maini yake! Mimi nimeomba mapishi yale miaka tisa, anayaficha kama siri ya vita, kumbe wewe unawapa panya!"

"Usimwambie."

"Si ndio utetezi wako huo? Usipomwambia, wewe mlevi. Ukimwambia, wewe mchawi. Chagua!"

Panya watano walishika adabu ndani ya wiki moja. Walikula unga, wakaonja pombe, wakajutia, wakahamia kwenye maji. Wa sita, nyota wa kizimba cha ishirini na nne, hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Alikunywa siku ya tano, siku ya nane, siku ya kumi. Daktari alianza kupiga mluzi ngazini, na droo ikafunguliwa tena. Profesa, kwa upande wake, aliuliza kama kile kiti kimeondolewa.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe saba Mei, siku ya kumi na mbili, Aksel alisimama mbele ya kizimba kile akasoma chupa. Imepungua. Kesho ndiyo siku yenyewe. Mtaani, Oluf na wenzake walikuwa wameshakata majani ya msonobari na kuyaficha nyuma ya banda, mahali ambapo kila mtu aliyaona.

"Wewe," Aksel alimwambia panya, "unakunywa kwa nguvu gani? Unga hujagusa. Mkate huna. Unaishi kwa hewa?"

Panya alimtazama, akarudi kwenye kiota chake, akaketi. Alikaa juu sana. Aksel alikitazama kiota. Hakikuwa kimeguswa tangu kabla ya Pasaka, kwa amri. Basi, kwa mara ya kwanza katika ajira yake, alikigusa kitu alichokatazwa. Chini ya maranda, zimepangwa kama kuni za msimu wa baridi, zilikuwapo pembe kumi na moja za mkate mweusi, ngumu kama kokoto, nyingine zikiwa bado na ukoko wa maini. Panya mwenyewe alikuwa ameweka akiba wakati watu wa ngazi ya juu wakimtafutia mlango wa tatu.

Daktari Kragelund aliitwa. Alichuchumaa. Alichukua pembe moja kwa koleo, akainusa.

"Maini?"

"Ndiyo, Bwana Daktari. Anaweka na iliki kidogo. Mimi sijui zaidi."

Daktari aliziweka zote kumi na moja kwenye mizani, kwa kuwa hakujua kuomboleza kwa njia nyingine. Kisha akaenda kwenye simu. Agda hakuwa na simu, ila mwenye duka la jibini chini ya nyumba yake alikuwa nayo, na kijana yule msomi, mshindi wa nishani mbili, alisikika akiupaza ujumbe muhimu kuliko wote wa maisha yake ya kitaaluma:

"Mwambie Bibi Rybjerg mume wake hajanywa! Hajanywa! Ni panya waliokula mkate! ... Mkate wake yeye! ... Hapana, bwana, mimi sijanywa pia!"

Mwenye duka alisema ataandika kwenye karatasi ya kufungia jibini. Siku nzima ikapita, simu haikulia.

Jioni nyundo ziligonga mlangoni pa Aksel, naye alikaa sebuleni akijifanya hasikii, kama desturi inavyotaka, ingawa kujifanya peke yako ni kazi ngumu. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi alikuwa amevaa suti nyeusi, viatu vimeng'aa, mfuko wa kulia umefuliwa na kupigwa pasi mpaka ukakosa sura. Mezani palikuwa na glasi moja ya maji, kidonge kimeyeyuka ndani, hakijaguswa. Vile vingine kumi na viwili Oluf alikuwa ameshuhudia. Hiki Aksel alikitunza kwa ajili ya Mama.

Nje palijaa miguu, kikohozi, na tarumbeta zikipashwa moto. Oluf aligonga mlango kwa ukucha.

"Wewe uliyelala fofofo! Tuanze?"

"Treni ya kwanza ya Roskilde imefika saa ngapi?"

"Imeshafika. Tramu yake ndiyo bado." Oluf aligonga tena. "Aksel, watu wanakwenda kazini saa moja. Wimbo una beti sita."

"Ngojeni tramu."

"Na asipokuwemo?"

Aksel aliinuka. Alichukua glasi, akaenda nayo hadi mlangoni, akaufungua upana wa mkono. Lango la majani lilisimama pale, bichi na kubwa, namba ishirini na tano imeinama kidogo kulia kwa sababu aliyeigongomea alikuwa Oluf. Watu wote waliokuwa chini yake walikuwa wamempa mgongo. Walikuwa wakitazama kona ya barabara, tarumbeta zikiwa midomoni tayari, maana kengele ya tramu ilikuwa imelia, na breki zilikuwa zinalia sasa, polepole, ndefu, na mlango wa nyuma ulikuwa unaanza kufunguka.